Wimbo Uliokosa Mstari wa Mwisho

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Marit Lund alikuwa na kazi tatu: kuwapa kuku maji, kufagia theluji kwenye ngazi, na kutafuta glavu ya mkono wa kushoto. Katika mji wa Harlow baridi ya Novemba haina mzaha. Wasemao husema kuna mwaka moshi wa dohani ya akina Lund uliganda, ukasimama wima kama nguzo hadi mwezi wa Machi, na jirani akaufunga kamba akaanikia nguo. Ukipenda sadiki, usipopenda vaa sweta.

Siku hiyo glavu ilionekana mapema. Marit akapanda basi, akakuta redio inaimba Krismasi. Ilikuwa bado wiki tatu kufika Sikukuu ya Shukrani, ile ya mwishoni mwa Novemba. Mzee Lyle, dereva, alinung'unika kwamba redio hii imeruka kutoka Sikukuu ya Mizimu, mwisho wa Oktoba, hadi Krismasi bila hata kupunguza mwendo njiani.

Jambo hilohilo ndilo lililokuwa linamkera Mwalimu Pruitt, aliyefundisha kwaya. Krismasi, alisema, ina nyimbo za kujaza ghala la mahindi. Sikukuu ya Shukrani, siku tunayokula kuliko siku zote za mwaka, ina nini?

"Ina usingizi, Mwalimu," akajibu Wes Babbitt kutoka mstari wa mbele, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu naye alicheka, kisha akatoa tangazo. Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu, kwaya ingekwenda kuimba Nyumba ya Wazee. Atakayeleta wimbo mpya wa Shukrani, kwaya itauimba, na mwenyewe atasimama mstari wa mbele.

Marit alisikia maneno "mstari wa mbele" na mengine yote yakampita. Yeye alisimama mstari wa nyuma, kando ya hita, tangu darasa la tatu, Mwalimu alipomwomba kwa upole aimbe kwa moyo zaidi kuliko kwa koo.

Akaanza kutafuta. Mama yake alikumbuka nyimbo mbili za kanisani, za polepole mno, kiasi kwamba bata mzinga wa sikukuu angepoa mezani kabla ya ubeti wa pili. Bi Odell wa maktaba alifungua makabati mpaka vumbi likamtoa machozi, akapata wimbo mmoja wa mavuno, nao ulikuwa wa Kijerumani. Basi Marit akaamua kutunga wake. Maneno hayakumsumbua. Yalikuwa ya meza, ya viti vilivyobanana, na ya pai ya boga. Mahadhi ndiyo yaliyomshinda. Kila alipojaribu kuimba, kufika katikati alisikia kengele na farasi wa Krismasi wanaingia bila kubisha hodi.

Siku ya nne aliteremka chumba cha chini ya nyumba, palipokuwa na kinanda cha zamani. Benchi la kinanda hicho baba alilinunua mnadani, kiangazi cha mwaka uliopita, shamba la akina Skogen lilipouzwa baada ya mzee Orvil kufariki. Marit aliinua mfuniko wa benchi kutafuta penseli. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimebanduka pembeni, na chini yake palikuwa na karatasi.

Noti za muziki, zimeandikwa kwa penseli na mkono mzito. Marit akazipiga kwa kidole kimoja. Zilipanda taratibu, zikashuka, zikawa na mdundo kama wa mtu anayefanya kazi asiyokuwa na haraka nayo. Maneno aliyotunga yalikaa juu ya noti hizo kama kuku juu ya mayai. Mstari wa mwisho tu haukuwa na kitu. Chini kabisa pameandikwa O.S.

Marit akaukamilisha mstari ule mwenyewe, kwa noti zake na maneno yake: *Na aliyetuletea haya, jina lake tulitaje.* Akaunakili wimbo mzima kwenye karatasi safi. Juu yake akaandika: Umetungwa na Marit Lund. Ile karatasi ya zamani akairudisha chini ya kitambaa, na tangu siku hiyo hakukalia benchi lile tena. Alipiga kinanda amesimama.

Mwalimu Pruitt aliucheza wimbo mara mbili mfululizo, akaukubali. Marit akahamishiwa mbele. Wes alisogea kumpa nafasi, akainama kama mhudumu wa hoteli. "Karibu, Bosi Mtunzi. Tukusaidie kubeba kichwa, au utakiweza?"

Kwa siku mbili Marit alikuwa kama anatembea hewani. Siku ya tatu Mwalimu alisoma barua kutoka Nyumba ya Wazee. Wanangojea kwa hamu, alisema, hasa mgeni wao mpya, Bibi Verna Skogen, mjane wa mzee Orvil. Yeye atawekwa kiti cha mbele kabisa.

Marit aligeuza karatasi yake ya wimbo, jina lake likaangalia chini.

Jioni hiyo, wakimenya viazi, alimwuliza baba, kama anayeuliza habari za mvua, iwapo mzee Skogen alijua muziki. Baba akacheka. Alisema Orvil alikuwa anawaimbia ng'ombe, na maziwa yake yalikuwa mazito hata kijiko kinasimama wima. Bibi Verna alikuwa na masikio makali; angeweza kukuambia ni mlango upi wa banda unaolia. Marit alijikata kidole. Hakulia. Alikuwa anayafikiria masikio yale.

Kuanzia hapo hofu ilikaa naye kama mgeni asiyeaga. Ilikaa naye kwenye basi. Ilikula naye. Kila mlango wa darasa ulipofunguliwa, alijua ni mtu anakuja kusema: tunamtaka mwizi wa wimbo. Kwenye mazoezi sauti yake ilitetemeka hata Mwalimu akamsifu kwamba sasa anaimba kwa hisia.

Jumatano asubuhi alijaribu njia ya mwisho. Alikaa kitandani, akasema anaumwa, na mama alipogeuka akakibandika kipimajoto kwenye hita. Mama akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Nyuzi mia na kumi na nane," alisema, ilhali mtu mwenye afya huwa na tisini na nane. "Mwanangu, kwa joto hili ningekupaka siagi nikuweke mezani pamoja na bata mzinga. Vaa viatu."

Kabla ya kuondoka Marit alishuka chumba cha chini, akaitoa ile karatasi. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la kuchomea taka, na bado lilikuwa linafuka moshi. Akaenda, akasimama mbele yake, karatasi mkononi. Ni kuiachia tu. Hakuna ambaye angejua, leo wala milele. Lakini aliuona ule mkono mzito wa penseli, mahali fulani umefutwa na kuandikwa upya mara tatu, na vidole vyake vikakataa kufunguka. Honi ya basi ikalia. Akaisokomeza karatasi mfukoni, akakimbia.

Ukumbi wa Nyumba ya Wazee ulinukia supu na sabuni. Wazee walikuwa wamepangwa nusu duara, na katikati, hatua nne kutoka alipokuwa Marit, alikaa bibi mwembamba kwenye kiti cha magurudumu, blanketi la kijani magotini. Alikuwa anawatabasamia wote. Marit aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Nyimbo mbili za kanisani zikapita, na mzee mmoja akasinzia. Ndipo Mwalimu Pruitt akatangaza wimbo mpya kabisa, ambao haujawahi kusikika popote duniani, uliotungwa na Marit Lund. Akanyanyua mikono.

Ubeti wa kwanza ulipoanza, tabasamu la Bibi Verna likasimama. Mkono wake ukaanza kugonga goti, polepole, kwa mdundo uleule. Kisha midomo yake ikafunguka, naye akaanza kuufuatisha. Hapana, hakuwa anaufuatisha. Alikuwa ametangulia. Kwaya ilikuwa inapanda, yeye tayari anashuka. Kila mstari aliufikia kabla yao, akawangoja.

Wimbo usiowahi kusikika popote duniani, na mtu mzima amekaa hapo anaujua wote. Marit alitaka kukimbia, lakini nyuma yake ilikuwa kwaya nzima, na mbele yake bibi. Walipofika mstari wa mwisho, Bibi Verna akanyamaza ghafla, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi gizani na mguu ukakosa pa kukanyaga. Kwaya ikamaliza peke yake.

Makofi yakapigwa. Bibi Verna hakupiga. Alimshika mkono muuguzi aliyesimama nyuma yake, akasema anaujua wimbo huo.

"Hapana, mama," akajibu muuguzi kwa sauti ya kubembeleza. "Huu ni mpya. Ameutunga yule binti pale."

"Lakini mimi naujua."

"Umechoka, mama yangu. Inatokea."

Bibi Verna aliangalia mikono yake juu ya blanketi. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Marit akautambua mara moja. Ilikuwa hofu. Hofu ileile aliyokuwa ameibeba yeye wiki mbili, sasa imehamia kwa mwingine.

"Basi ndiyo imeanza," bibi alisema polepole. "Akili yangu imeanza kuniacha."

Mwalimu Pruitt alikuwa hajasikia. Alikuwa anamwita Marit apige hatua mbele, awaambie wazee alivyoutunga. Na Marit aliona wazi kwamba ameokoka. Asingeshikwa. Hakuna atakayemwamini bibi, hata bibi mwenyewe hajiamini. Ni kusema maneno mawili matatu na kurudi nyumbani kula pai.

Akapiga hatua mbele. Hakusimama aliposimamishwa. Aliendelea, hatua zote nne, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, akaitoa karatasi iliyokunjamana.

"Bibi, hujapotewa na akili," alisema. "Wimbo ni wa babu Orvil. Ulikuwa ndani ya benchi la kinanda. Mimi nimeuiba, nikaandika jina langu."

Yule mzee aliyesinzia akaamka kuuliza kuna nini. Bibi Verna aliisogeza karatasi karibu na macho. Alipitisha kidole pale palipofutwa mara tatu. Marit alingoja kama anayengoja dari lianguke.

"Miaka tisa," bibi alisema hatimaye. "Kila mwaka, bata mzinga akishakatwa, Orvil alikuwa ananiambia: siku nzima ya kushukuru, Verna, na hatuna wimbo. Nikamwambia, tunga basi, uniache nile. Akaenda kuutungia bandani, kwa mdundo wa mashine ya kukamulia. Mimi nausikia ng'ambo ya ukuta. Kila akikaribia mwisho, kuna ng'ombe mmoja mkorofi alikuwa anapiga teke ndoo, naye anaacha." Akapangusa macho. "Karatasi nimeitafuta nyumba nzima. Kumbe nimeiuza na benchi."

Kisha akamtazama Marit. "Na huo mwisho je? Wa nani?"

"Wangu, bibi. Palikuwa patupu. Na maneno ni yangu."

"Unasemaje vile, mstari wenyewe?"

Marit aliutamka kwa sauti ndogo: na aliyetuletea haya, jina lake tulitaje. Alipofika kwenye "jina lake", uso ukawaka moto.

"Ehe," akasema Bibi Verna. "Umeyasikia maneno yako mwenyewe? Huwezi kusema asante, mjukuu wangu, huku umemficha unayemshukuru. Hiyo haiwi asante. Inabaki kelele nzuri. Kilicho chako hapa ni chako, usikione kidogo. Cha Orvil ni cha Orvil. Karatasi hii ina nafasi ya majina mawili, na ungeyaandika yote mawili tangu mwanzo, ungelala usingizi na mimi nisingeogopa."

Mwalimu Pruitt alikuwa amesogea. Hakufoka. Alitoa kalamu, akampa Marit, na Marit akaandika jina la Orvil Skogen kwanza, lake chini yake. Mwalimu akasema kwamba Marit amekosa, na kosa lina malipo yake: atarudi mstari wa nyuma. Kukiri mbele ya watu wote wakati njia ya kukwepa iko wazi, akaongeza, kunahitaji ujasiri, na hilo nalo hatalisahau.

Akawaambia wazee kwamba wimbo utaimbwa upya, safari hii kwa majina yake sahihi. Marit akatembea kurudi nyuma, kando ya hita. Alishangaa kuona miguu yake ni myepesi. Alipompita Wes alijiandaa kwa dhihaka.

"Huku mbele kuna baridi bila wewe, Bosi," Wes akanong'ona, wala hakucheka.

Mwalimu alikuwa amekwisha kunyanyua mikono pale Bibi Verna aliposema wasubiri. Alimwomba muuguzi amsukume. Kiti cha magurudumu kikazunguka kwaya nzima, taratibu, kikasimama nyuma, ubavuni mwa Marit.

"Nataka niusikie mwisho kwa aliyeutunga," bibi alisema. "Na imba kwa koo, mtoto. Moyo nimekwisha kuuona."

Marit akaimba kwa koo. Hakuimba vizuri. Bibi Verna alitangulia kila mstari, akawangoja, mpaka wakafika pale ng'ombe alipokuwa akipiga teke ndoo. Hapo bibi akainua mguu chini ya blanketi la kijani, akalipiga teke dogo gurudumu la kiti chake. Wimbo haukukatika. Ukaenda hadi mwisho.