Mafuta ya Zeituni ya Ghorofa ya Saba

Inspekta Shao aliinamia bakuli la nne la mafuta, akavuta hewa taratibu, kisha akaandika daftarini: "Yameungua." Akalifunika, akabandika namba ya kielelezo, akasogea kwenye la tano.

Mwili wa Christophe, mfanyabiashara wa Lubumbashi, ulikuwa umeshapelekwa mochwari. Mkewe, Odette, alimkuta kwenye kochi jana jioni aliporudi kutoka kununua mikoba soko la Shiling. Dirisha limefungwa, jiko la mkaa katikati ya sebule, mashavu ya marehemu mekundu. Gesi ya mkaa. Daktari wa zamu aliandika neno moja: amejiua.

"Chef," Odette alimwambia inspekta, akizunguka mlangoni, "kesho saa kumi jioni sanduku la maiti linapanda ndege pale uwanjani Baiyun. Nimpelekee mama yake Christophe karatasi ile ya daktari? Kanisani nani atamwombea?"

"Sijaisaini, mama. Mafuta alikuwa anayafukizaje moshi?"

Shao alijifunza Kiswahili Kolwezi, akiwa mkalimani wa wajenzi wa barabara kabla ya kuingia polisi. Mizeituni aliijua tangu utotoni. Baba yake aliipanda miteremkoni Longnan, akimsimulia kuwa watu wa Shamu waliulea mti huo maelfu ya miaka kabla miche haijafika China kutoka Albania. Christophe alinunua mafuta huko huko Longnan, akayafukiza moshi hapa mtaani Sanyuanli ili akayauze kwao.

"Jiko lilikaa roshani," Odette alisema. "Moshi ulipita kwenye bomba mpaka kabatini yalimo mafuta, ukafika umepoa. Mafuta yakipata joto, kwisha. Hata pasi yangu aliifukuza humu ndani!"

Shao alitoka roshani. Bomba lilining'inia, mdomo wazi, bila jiko. Kwenye kabati palikuwa na karatasi, ratiba ya jana kwa mwandiko wa Christophe: *Saa tisa, koroga. Saa kumi, koroga.*

Alimwita Pius, mwanafunzi kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha nyuma.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Chuoni, afande."

"Na mkono huo uliofungwa kitambaa?"

"Sufuria ya ugali iliniunguza."

"Fungua kitambaa."

Mistari miwili myembamba ya kuungua ilikatiza kiganja. Shao alilinyanyua jiko. Mshikio wake ulikuwa nyaya mbili, sambamba.

"Sufuria yako ina mshikio wa waya?"

Pius aliurudishia mkono kitambaa.

"Alama za vidole ziko maabara. Nikusikie wewe kwanza."

"Visa yangu imeisha tangu Machi," Pius alisema. "Walinzi wa mtaa walikuwa wanapanda ngazi, wanatafuta moshi ulikotoka. Wakibisha hodi, wanataka pasipoti. Nikaliingiza jiko ndani, nikafunga dirisha, nikashuka ngazi za nyuma. Nilijiambia dakika kumi tu. Lakini walikaa pale chini, afande. Wakakaa, wakakaa, nikashindwa kurudi juu."

"Ulimwona Christophe?"

"Amelala."

"Na hukumwamsha?" Odette alimkaribia. "We Pius! Ulikula mezani petu, hukumwamsha?"

"Angekataa, mama. Angesema joto litaharibu mafuta."

Chini, mikokoteni ya mizigo ilikwaruza lami.

Shao alilikata neno la daktari kwa mstari mmoja. "Hakujiua. Lakini lazima daktari naye asaini. Anaingia kesho saa mbili asubuhi."

"Saa mbili nitakuwa mlangoni kwake." Odette alitoa simu, akabonyeza namba, akamwekea Pius mkononi. "Lubumbashi sasa hivi ni asubuhi. Mwambie mama yake. Kwa mdomo wako, si wangu."

"Nimwambie nini?"

"Hayo hayo uliyosema hapa."

Shao alianza kuandika maelezo ya mshukiwa: jina, umri, anwani. Alipofika kwenye mstari wa kosa, kalamu ilisimama. Kuua? Uzembe? Aliuacha wazi mpaka kesho, pamoja na mabakuli mawili ambayo hayajapata namba.

Simu ilikuwa inaita.