Kocha Aliyeshinda Akakimbia

Kila Jumamosi, akishanunua mkate wake, Georgina aliingia katika kibanda cha simu cha Gare du Nord, akachomeka kadi na kumpigia mama yake Bukoba. Alikipenda kibanda kile kwa sababu kilikuwa na mlango. Tangu aje Brussels kusomea uuguzi, vitu vingi vilimtisha: ngazi za umeme, mbwa ndani ya treni, Kifaransa cha watu wenye haraka. Humo ndani alikuwa salama.

Jumamosi moja ya Novemba 1996, mama alikuwa ndiyo kwanza anamuuliza kama amevaa soksi nzito, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Kijana mrefu akajibana ndani na kuufunga kwa mgongo wake.

"Pardon, dada. Usilalamike. Banataka kunila!"

Alivaa koti la mvua la kijani na filimbi ilining'inia shingoni. Bia ilikuwa ikimtiririka shavuni, na si ya kunywa. Ilikuwa ya kumwagiwa.

"Nani wanataka kukula?"

"Supporters yangu. Mi njo kocha wa timu ya wanafunzi."

"Mmefungwa?"

"Hapana. Tumeshinda, deux-un, mbili kwa moja."

Georgina aliangua kicheko. Kutoka kwenye simu mama akapiga kelele: "Gina! Sauti ya nani hiyo?"

Kijana akaukazia macho mkono wa simu. Mzaha ukamwisha usoni.

"Ni maman yako? Anajibu?"

"Ndiyo."

"Uko na chance, dada."

Georgina akaelewa. Vita ilikuwa imefika Kivu, mashariki mwa Zaire, na kwa Wakongo wa mji ule, kama yeye, simu za nyumbani zilikuwa zikiita tu, au haziiti kabisa.

Mwavuli ukagonga kioo. Nje alisimama mama mnene mwenye kitenge cha njano, mashabiki nyuma yake.

"Bienaimé! Toka mu kile kijumba! Donat alifunga mbili, wewe ukamutoa, ukamuacha mu vestiaire kipindi ya pili yote! Ni akili gani ile?"

"Maman Euphrasie, tumeshinda!"

"Tumeshinda na roho mukononi! Samedi ijayo, mu kilabu ya Saint-Josse, utajibu mbele ya watu wote. Na usipojibu, utarudisha hiyo filimbi!"

Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Maman Euphrasie na wenzake ndio waliopikia timu na kufua jezi, kwa hiyo kocha aliwajibika kwao, awe ameshinda au ameshindwa.

Walipoondoka, simu ya mama ilikuwa imekatika kwa kuisha kadi. Bienaimé alijifuta shavu. "Nipatie numéro yako, dada. Nimuombe maman yako pardon kupitia kwako."

Georgina, ambaye hakuwahi kumpa mwanamume namba, akampa.

*

Simu ya bweni lake, kule Woluwe, ilikuwa ukutani kwenye korido.

"Allô? Hapa kocha aliyeshinda."

"Hapa mwenye kibanda. Bado hujaliwa?"

"Bado. Bananiongeza chumvi kwanza. Alors, maman amenisamehe?"

"Anauliza umezaliwa wapi na unasali wapi."

"Ah bon! Basi tumefika mbali, chérie."

Neno lile la "mpenzi" lilimchoma Georgina masikio hata baada ya kukata simu. Siku iliyofuata walitembea nje ya hospitali ya chuo chake, yeye amejifunga skafu nyekundu hadi puani, Bienaimé akipunguza hatua ili waende sawa. Kijana huyo alimwambia kwamba mtu alikuwa amevunja chupa mlangoni kwake, na mwingine alipiga simu, akapumua tu, akakata. Alisimulia kwa mzaha, lakini kila gari lilipopunguza mwendo karibu nao, aligeuka kuangalia.

"Kwa nini ulimtoa Donat?" Georgina akamuuliza.

"Iko mambo ya watu wengine, Gina. Siwezi."

Alijaribu kuridhika na jibu hilo. Jioni, Nusura, mwenzake wa chumbani kutoka Tanga, akavua viatu na kuketi kitandani.

"Shoga, hivi hujasikia? Wakati wa mapumziko watu walimwona kocha wako nyuma ya basi la timu, amemkumbatia Ornella. Ornella si ndiye mchumba wa Donat? Kipindi cha pili Donat hayumo. Sasa hapo unataka uchorewe picha?"

Georgina aliivua skafu yake. Simu ya korido ikaita, ikaita tena. Alikaa na skafu mapajani mpaka simu ikanyamaza. Hakuogopa kwamba Bienaimé angemdanganya. Aliogopa kwamba angemwambia ukweli.

*

Jumamosi alikwenda mwenyewe hadi kile kilabu cha Saint-Josse. Alijiambia atautazama uso wa Ornella, kisha ataondoka na kumsahau Bienaimé.

Ndani kulijaa moshi na mvuke wa makoti yaliyolowa. Bienaimé alisimama katikati, amevaa tai, mikono nyuma. Alimwona Georgina mlangoni; midomo ikamcheza, akatazama chini.

"Tunauliza mara ya mwisho," alisema Maman Euphrasie. "Juu ya nini ulimutoa Donat?"

"Sitasema, maman."

"Juu ya mwanamuke!" mtu alipaza sauti. Kiti kikaanguka. Vijana wawili wakasimama na kumsogelea, na Bienaimé hakurudi nyuma.

Georgina aliyaepusha macho. Ndipo akawaona, kwenye meza ya pembeni ambayo macho ya watu yaliirudia: Donat, bia yake haijaguswa, na Ornella aliyeushika mkono wake kwa mikono yote miwili, kama wauguzi wanavyofundishwa kumshika mgonjwa asiyetaka kulia. Huyu hakuwa msichana wa kugombaniwa. Georgina akasahau kuwa ana haya. Akapita kati ya watu, akainama mbele ya Donat.

"Kaka Donat, samahani. Nyumbani wanapokea simu?"

Donat alimtazama kama aliyeamshwa. Kisha akasimama.

"Mumuache kocha! Ni mimi nilimuomba anitoe."

Wale vijana wawili wakarudi nyuma.

"Ornella alipata simu ya shangazi yake, yuko Bujumbura. Akakuja pa terrain ya mupira kutuambia. Mutaa wetu ulichomwa. Papa hajaonekana. Ornella alilia kwa kocha kwanza, hakujua namna ya kuniambia. Miguu yangu ikakufa. Nikamwambia kocha asiseme kwa muntu, juu..." Akamgeukia Maman Euphrasie, sauti ikakatika. "Juu watoto yako nao bako mu ule mutaa, maman. Hatukujua chochote juu yabo. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Mtu alisogeza kiti. Maman Euphrasie alikaa polepole.

"Nilijua," alisema. "Siku zote hizi napiga simu, hakuna muntu. Unafikiri ni mupira ulikuwa unanipigisha kelele, Bienaimé? Simu hainijibu. Wewe angalau ulikuwa muntu wa kupigia kelele."

Bienaimé akapiga magoti mbele yake. Mama akamvuta kichwa kifuani, na wanawake wengine wakawazunguka.

*

Bienaimé alimkuta Georgina barabarani, mvua ikimnyeshea.

"Sikupokea simu yako," Georgina alisema. "Niliamini maneno ya watu."

"Uliniuliza, mi njo nilikataa kujibu. Ungeamini nini?"

"Ningesubiri."

"Donc, sasa tunafanya nini, wewe na mimi?"

Georgina alijibu akitazama viatu vyake. Basi likapita na kuwarushia maji.

"Gina, sikusikia. Kweli sikusikia."

Mlangoni pa kilabu kulikuwa na watu wanaovuta sigara. Kwenye kituo cha basi watu wengine, wote wageni kwake. Georgina aliishusha skafu kutoka mdomoni.

"Nimesema nakupenda!" alipaza sauti, na kituo kizima kikageuka. "Naogopa, tena naogopa sana, lakini nakupenda!"