Nusu Siku Inaisha Saa Ngapi?

Mama Pacha alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuajiriwa hata siku moja. Pacha wake walipoanza chekechea, nyumba ilibaki kimya kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana. Kimya kile kilimkera. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alipanga vyombo, akavipangua, akavipanga tena.

Siku moja aliona tangazo kwenye mlango wa duka kubwa la vyakula: "Anatakiwa keshia. Nusu siku." Aliingia na kikapu mkononi kununua chumvi, akatoka na kazi. Chumvi aliisahau.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Ila kila alichoombwa, jibu lake lilikuwa moja. Ukimwomba chenji, dakika tano. Ukimwomba ruhusa ya kwenda msalani, dakika tano. Wafanyakazi walimbandika jina la Dakika Tano, lakini walimwita hivyo akiwa hayupo.

Wiki ya kwanza, Mama Pacha aliipenda kazi yake mno. Alijifunza kutaja jumla kwa sauti. Alijifunza kuiacha noti ya mteja juu ya droo mpaka amkabidhi chenji yake, ili pasiwe na ubishi. Wateja walianza kumzoea. "Panga foleni ya huyu mama," waliambiana. "Inakwenda."

Shida ilikuwa saa ya kutoka.

Pacha walitoka shule saa sita. Kutoka dukani hadi shuleni ni mwendo wa robo saa. Lakini keshia wa mchana alikuwa akifika anapojisikia, na kaunta haiwezi kuachwa tupu.

"Bosi, saa tano na nusu imepita," Mama Pacha alisema. "Watoto wangu wananisubiri."

"Dakika tano tu, mama. Mwenzako yuko njiani."

Wiki ya pili, dakika tano zilikua. Zikawa ishirini, zikawa arobaini. Kuanzia saa tano, macho ya Mama Pacha yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Mikono ilikuwa dukani, roho ilikuwa kwenye geti la shule. Alianza kukosea.

"Mama, mimi nimenunua sabuni moja," mteja mmoja alimwambia, akiiangalia risiti. "Mbona umeniandikia tatu? Kwani nanuka kiasi hicho?"

Watu walicheka. Mama Pacha alijaribu kucheka nao, akashindwa.

Alhamisi, saa sita ilipita akiwa bado kazini. Ikapita saa sita na robo. Foleni ilikuwa ndefu.

"Anayefuata!" aliita bila kuinua macho.

Hakuna kitu kilichowekwa juu ya kaunta. Aliinua macho, hakuona mtu. Akachungulia chini. Pacha wake walikuwa wamesimama pale, wameshikana mikono. Mmoja hakuwa na kiatu cha kushoto.

"Mama, tumevuka barabara wenyewe!" mmoja alisema kwa furaha.

"Na lori limetupigia honi," mwenzake aliongeza. "Kubwa!"

Mama Pacha aliifunga droo, akamkabidhi ufunguo Dakika Tano aliyekuwa karibu, akapiga magoti sakafuni. Aliwapapasa wote wawili, kichwani hadi miguuni, kama anayetafuta jeraha. Hapakuwa na jeraha.

Alasiri alimpigia simu mumewe, aliyekuwa mbali kwenye machimbo ya mawe.

"Acha hiyo kazi," mumewe alisema. "Acha leo leo."

"Sitaki kuiacha."

"Sasa unataka nini?"

Mama Pacha aliaga, akatoka uani. Alianza kuanua nguo kwenye kamba, zilizokauka na zisizokauka. Jirani yake alimwona. Alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, aliyekuwa karani wa wafanyakazi katika kiwanda cha nguo.

"Mdogo wangu, hizo bado mbichi," alisema. "Una nini leo?"

Mama Pacha akamweleza yote, machozi yakimlengalenga.

"Mlikubaliana ufanye kazi mpaka saa ngapi?" jirani aliuliza.

"Nusu siku, dada."

"Nusu siku inaisha saa ngapi?"

Mama Pacha alilikumbuka lile tangazo. Hakuna aliyewahi kumwambia. Saa tano na nusu aliipanga mwenyewe kichwani.

"Basi bosi wako naye ana nusu siku yake kichwani," jirani alisema. "Ukianza kazi, uliza. Naingia saa ngapi? Natoka saa ngapi? Siku zipi? Nikizidisha saa, nalipwaje? Na nani ananipokea kaunta? Muyaandike, mtie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala yake. Usingoje kugombana ndipo mwandike."

"Akikataa?"

"Utajua mapema, utatafuta kwingine. Lakini zungumza naye kabla duka halijafunguliwa. Mtu mwenye foleni mbele yake hana masikio. Na kesho hiyohiyo pita shuleni. Waandikishe wanaoruhusiwa kuwachukua watoto. Niandikishe na mimi."

Asubuhi, Mama Pacha alimweleza mwalimu jinsi pacha walivyotoka peke yao, na mwalimu aliona haya. Tangu siku hiyo, hakuna mtoto aliyetoka getini bila mtu mzima anayejulikana.

Kisha, kabla duka halijafunguliwa, alimkabidhi Dakika Tano nakala mbili za karatasi aliyoandika saa zake za kazi.

"Unanishtaki?" Dakika Tano aliuliza.

"Hapana, bosi. Nataka nikae kaunta akili yangu ikiwa kaunta."

Dakika Tano alisoma polepole. Alikumbuka wale watoto. "Saa tano na nusu, sawa. Lakini na wewe uingie saa moja kamili, si saa moja na vijisababu."

"Andika, bosi."

"Na mwenzako akichelewa?"

"Utakaa wewe."

Dakika Tano alikuna kichwa, akatia sahihi.

Siku mbili mfululizo keshia wa mchana alichelewa, na Dakika Tano alikaa kaunta mwenyewe. Jasho lilimtoka. Mashine ilimlilia, wateja wakamsonya. Siku ya tatu alimpigia keshia wa mchana simu, akamwita, akamwandikia karatasi yake naye. Hakuchelewa tena.

Makosa ya Mama Pacha yaliisha. Mwezi ulipokwisha aliongezewa Jumamosi, kwa saa zilizoandikwa na malipo yaliyoandikwa. Mumewe aliporudi, alisomewa ile karatasi tangu juu hadi chini. Akaomba asomewe mara ya pili.

Jumatatu Mama Pacha alifika shuleni kukiwa kumebaki dakika kumi. Pacha walikuwa uwanjani wakikimbizana. Walipomwona, walinuna.

"Mama, mbona umewahi hivyo? Hatujamaliza kucheza!"

"Chezeni," alisema, akaketi kwenye benchi la getini. "Mimi nina muda."