Kivuli cha Ngonga

Siku hiyo mpakani Kasumulu watu walijaa hadi pa kukanyaga hapakuwapo. Badru akajikwaa kwenye boksi la mtu.

"Baba, taratibu! Hiyo ni skana, si gunia la mchele!"

Badru akavua kofia yake ya viua. Mwenye boksi alikuwa mama wa makamo, kitenge cha kijani kimemkaa hasa, hasira ikianza kumpoa. Jina lake Dorothea, mtu wa Bukoba, afisa maendeleo aliyehamishiwa Kyela mwaka ule wa 2003.

"Samahani, bibie. Inafanya nini hiyo?"

"Inaingiza picha za zamani kwenye kompyuta. Unazisafisha, unazitia rangi, zinakuwa mpya."

"Basi Mungu amenikwaza makusudi. Mimi ni mpiga picha. Nina picha za miaka arobaini, na mtazamaji sina."

Hakutia chumvi. Tangu zije picha za rangi za chapuchapu, studio yake mjini ilikuwa haiingii mtu. Mkewe, Tausi, alishafariki, watoto wako Dar. Badru alikula peke yake na kubishana na redio, na redio ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho.

Kompyuta ya Dorothea na ile skana vikawekwa pale studio, wasafishe picha za Badru pamoja, na kila alasiri mama yule alitoka kazini akaja. Badru alimfundisha kutazama picha. "Jua liwe mgongoni, lakini kivuli chako kisiingie. Kivuli cha mpiga picha ndani ya picha ni aibu ya fundi."

Usiku simu ililia, Dorothea huyo. "Mpiga picha wangu, umekula?"

"Nimekula wali."

"Kwa mboga gani?"

"Kwa wali."

"Maskini! Kesho nakuletea samaki."

Mzee mzima akalala anatabasamu.

Siku ya maonyesho ya picha walizozisafisha ukumbi wa mji ulifurika. Wavunaji wa mpunga wa Makwale wakatokea ukutani kwa rangi, wakubwa kuliko watu. Bibi mmoja akamwona mama yake akiwa msichana, akalia, akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Badru! Ndaga!"

Kisha akatokea Tausi, amesimama ufukweni Ngonga, kanga yake nyekundu. Mchanga mbele yake ulikuwa mweupe, safi. Badru akainuka, akatoka asiage mtu.

Dorothea alipiga simu haikupokelewa. Alibisha mlango haukufunguliwa. Siku zikawa miezi, mpunga ukakomaa, ukavunwa, na Badru akarudia redio yake. Hasira ilikwisha mapema. Kilichobaki kilikuwa haya, na upweke uliouma kuliko ule wa kwanza, maana sasa ulikuwa na jina la mtu.

Mwishowe alikwenda nyumbani kwa Dorothea. Akamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Ule mchanga mbele ya Tausi ulikuwa na kivuli," Badru alisema, hata salamu akaisahau. "Kivuli changu. Tulikuwa na wiki moja tu tangu tuoane, na hapakuwa na wa kutupiga wawili. Nikakiacha kiingie kusudi. Sina picha nyingine niliyomo pamoja naye."

Dorothea akaketi juu ya godoro. "Wewe ndiye uliyenifundisha ni aibu. Nikakifuta nikidhani nakusitiri."

"Najua. Ni mimi niliyenyamaza. Dorothea, nakupenda. Nyumba ile imenishinda bila wewe."

Dorothea akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Ungesema haya mpunga ukiwa bado shambani, nisingeomba uhamisho. Nimepewa Bukoba, kwetu. Lori linakuja asubuhi."

Badru akatazama chini. Mdomo wake ulitaka kujifunga, kama ulivyozoea.

"Nitakuja Bukoba," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukuomba kwa kaka zako."

Dorothea akacheka huku analia. "Wakatoliki wale? Na wewe Badru? Watakufukuza, mpenzi."

"Wacha wanifukuze. Nitakuwa nimesema."

Asubuhi lori likaondoka na Dorothea. Badru akafunga studio, akaenda stendi kuulizia mabasi ya Bukoba.