Kaka Yangu na Mashine Iliyotuuzia Nyumba kwa "Naam"

Jamani, mtu anapima chumba cha mama yangu, na mama yangu yumo ndani!

Nnaingia nyumbani kwetu Mkunazini, natoka sokoni Darajani na samaki mkononi, nakuta mwanamme simjui, ana futi yake ya chuma, anapima dirisha. Mama kakaa kitandani anamuangalia tu. Alidhani ni fundi, sisi ndio tuliomleta.

Nikamuuliza yeye nani.

"Naitwa Gharib. Mnunuzi kanituma. Hapa patakuwa bafu la wageni."

Mnunuzi wa nini? Nikacheka, nikijua kakosea nyumba. Akanambia si wenyewe tumeshakubali kuiuza nyumba, ndugu wote watatu, na sauti zetu anazo. Akabonyeza simu yake.

"Bwana Yussuf!"

"Naam."

Sauti yangu hiyo, wallahi. Ikafuata ya mdogo wangu Mcha, anayekaa Jambiani. Kaitwa jina, kaitika naam, basi. Nyumba ya marehemu baba imekwenda hivyo...

Sasa ngojeni nikupeni habari za mjuaji wetu.

Ridhwan ni kaka yetu mkubwa, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Alikwenda kwenye mafunzo mafupi ya AI, hiyo akili bandia, akarudi hatusemeshi tena, anatuhutubia. Eti kujifunza koding, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, siku hizi ni ushamba. Unaiambia mashine kwa Kiswahili unachokitaka, yenyewe inapiga simu, inarikodi majibu, inaandika mkataba, inampelekea mhusika, na wewe umejilalia. Mtu hawezi kubadilisha balbu ya chooni kwake, lakini barazani utamsikia, "Mimi najenga mifumo." Mifumo!

Tulipomuuliza mirathi inagawiwa lini, akatujibu kuwa kikao cha familia ni mambo ya kizamani. Mfumo wake utatupigia mmoja mmoja.

Kweli ukanipigia. Sauti ya kike, laini, ikaniita jina. Nikaitika. Simu ikakatika. Nikasema mtandao mbovu, nikaendelea na shughuli zangu.

Nyinyi msio wa hapa nikufahamisheni kidogo. Kwetu Unguja mtu akikuita humjibu "nini", utaambiwa hukulelewa. Unasema naam. Maana yake nimekusikia, haya sema. Hujakubali kitu! Lakini mnunuzi si mtu wa hapa. Kwake yeye naam ni ndiyo, na ndiyo yenyewe ni nyumba.

Baada ya Alasiri tukamwita Ridhwan, tukamweka kati. Mcha kaja mbio kutoka Jambiani, hata salamu zinamshinda. Gharib naye nikamuomba akae asikilize. Ridhwan kaingia ananukia udi, miwani kaipandisha kichwani, hana hata wasiwasi.

"Mashine imekosea," akasema. "Haijui Kiunguja chetu. Imesikia naam, ikadhani mmekubali. Lakini mkataba ushakwenda, mnataka nifanye nini?"

Na mama, masikini, akaanza kumtetea. Akatuambia kitu kama kile kitajuaje adabu zetu, mwanawe hana kosa, bora tutafute pa kumhamishia yeye mama tu. Analia huku anamtetea. Nimemdharau Ridhwan kwa mengi, lakini pale nilimdharau mpaka nikamuonea haya.

Naye kwa kujishaua kwake akaifungua ile mashine kwenye simu, atuoneshe kosa lilipo. Akaiweka mezani, inaongea kwa sauti kubwa.

Si kasema inasemeshwa Kiswahili? Nikainama, nikaiuliza mimi.

"Uliambiwa ufanye nini?"

Ridhwan akairukia simu. Mcha akamdaka mkono. Mashine ikajibu taratibu, wala haina habari.

"Nimeelekezwa niwaite Yussuf na Mcha kwa majina yao. Wakiitika naam, nikate simu kabla hawajauliza kitu, kisha niandike kuwa wamekubali kuuza."

Nikainama tena.

"Na mama?"

"Nimeelekezwa nisimpigie. Yeye huitika labeka, na mnunuzi hatalielewa neno hilo."

Mmesikia? Eti mashine haijui Kiunguja! Aliyekijua vizuri ni Ridhwan. Adabu aliyotufunza mama huyu huyu, kaichukua akaifanya mtego wa kumtolea mama nyumbani kwake.

Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakupiga kelele.

"Radhi yangu huna, mpaka uirudishe nyumba kwa mdomo huo huo."

Ridhwan akampigia mnunuzi pale pale, mbele yetu, akasema yote kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba, na mkataba ukavunjwa. Gharib alikuwa anasikia. Akakunja futi yake, akamuomba mama msamaha, akaondoka. Usimamizi wa mirathi Ridhwan kavuliwa, kapewa Mcha.

Na mpaka leo yumo mtandaoni, shati limepigwa pasi, anafundisha watu eti "jenga mfumo kwa lugha yako mwenyewe". Na watu wanampongeza!

Mie sina ugomvi na mashine, ndugu zangu. Siku ile yenyewe ndiyo iliyosema kweli mwanzo. Lakini mtu akikwambieni mashine imekosea, msihangaike kubishana naye. Zamani wajanja walijificha nyuma ya koding tusiyoijua. Siku hizi amri zenyewe ni Kiswahili, tena hiki hiki cha nyumbani.

Muulizeni tu aliiambia nini.