Mguu wa Kushoto wa Amadeo

Soko la Sonora siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa, na hakuna wa kukuomba radhi. Eloísa alikwisha kuliwekea mkono fungu la mwisho la njuga za mbegu za kuchezea ngoma pale mkono mwingine, wa kiume, ulipotua juu ya wake.

"Samahani, mrembo. Nimeziona mimi kwanza."

"Wewe umeziona. Mimi nimezishika."

Mwanaume akacheka. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya ngozi ya kusuka, njuga kuukuu zimening'inia begani. "Haya, chukua. Ila niambie unachezea wapi, nije nione kama zimekufaa."

Eloísa hakuwa mwepesi wa kuwaambia watu mambo yake. Lakini jamani, lile tabasamu! Akajikuta amesema: kila Jumapili, Zócalo, uwanja mkuu wa jiji, kundi la ngoma la shangazi Cuca.

Akaja kweli. Jina lake Amadeo, fundi umeme, karudi mwaka huu kutoka ng'ambo ya mpaka. Eloísa ndiye aliyeshika chetezo. Akamfukiza ubani kifuani na mgongoni, kwa maana asiyefukizwa haingii duarani. Na huyo mtu alicheza! Ila kila akimaliza mzunguko aliuburuta mguu wa kushoto, kidogo tu, ndipo akaruka. Hakuna mwingine aliyecheza hivyo.

"Mbona unaburuta mguu?"

"Ndivyo ngoma ilivyo."

"Nani kakufundisha?"

"Mzee mmoja." Akabadili mazungumzo. "Utakula mahindi, kipenzi? Nakutilia pilipili mpaka ulie."

Wakapendana. Lakini kila Jumapili, ngoma ikiisha tu, simu ya Amadeo ililia, naye akaenda kuipokelea nyuma ya ukuta.

"Nani huyo?"

"Kazini."

Fundi umeme gani huyo anayesakwa kila Jumapili saa ile ile? Mara shangazi Cuca akaja na habari zake: kuna hoteli pwani inaiba ngoma za makundi, iwaonyeshe watalii wakila. "Wanatuma vijana watanashati," alisema, akimtupia Eloísa jicho la pembeni. "Wanaojua kutabasamu."

Eloísa akasugua chetezo. Baba yake naye alitabasamu siku aliyoondoka, miaka kumi na moja iliyopita, kwenda Fresno, ng'ambo ya mpaka, kuvuna zabibu msimu mmoja. Alipiga simu miaka miwili, kisha kimya. Tangu hapo Eloísa aliapa: mwanaume anayenificha jambo si wangu.

Jumapili iliyofuata Amadeo alikwenda kununua maji, akaiacha simu juu ya begi. Ikawaka. Eloísa akaitazama, na asiniambie mtu kwamba yeye asingetazama. Video zaidi ya thelathini, zote za Eloísa akicheza, zimetumwa kwa mtu aliyeandikwa "Mwalimu". Na chini yake ujumbe mpya: "Nitumie na ya leo. Uso wake uonekane vizuri."

Akairudisha simu juu ya begi. Baragumu likalia, wachezaji wakajipanga. Akawafukiza mmoja mmoja, na alipofika kwa Amadeo akampita kama anayepita nguzo.

"Elo, mpenzi, umenisahau."

"Sijakusahau. Unaniuza kwa nani?"

"Nakuuza?"

"Mwalimu ni nani? Ni hoteli gani hiyo? Uso wangu uonekane vizuri ili iweje?"

Amadeo akanywea. "Nilimwahidi nisiseme."

"Basi ondoka na ahadi yako!"

"Hilario," akasema haraka. "Hilario Tecuapetla. Nimevuna naye zabibu miaka minne. Jioni alitufundisha ngoma nyuma ya kambi. Anaona haya kukupigia, Elo. Alitaka tu kujua kama bado unacheza."

Hilario alikuwa baba yake Eloísa.

"Mwongo mkubwa," alisema, lakini sauti ilikwisha nguvu. "Na ule mguu? Ni yeye aliyekufundisha kuuburuta?"

"Ndiyo. Si ndiyo heshima kwa ardhi? Nilijifunza mwaka mzima mpaka nikaupata."

"Heshima gani? Baba alianguka kwenye jukwaa la ujenzi nikiwa na miaka sita, goti likavunjika. Anachechemea, mjinga wewe! Umejifunza kuchechemea!"

Shangazi Cuca akaketi chini palepale. "Kaka yangu," akasema. Eloísa alicheka, na katikati ya kicheko akalia kwa sauti, mbele ya watalii na wauza maputo.

"Kwa hiyo sokoni ulinifuata?"

"Sokoni ilikuwa bahati. Sikujua ni wewe mpaka ulipomtaja shangazi Cuca."

"Na mapenzi? Nayo ulitumwa?"

"Hayo sikutumwa. Nilimwambia nataka kukuposa, akanitukana dakika kumi."

Simu ya Amadeo ikalia, leo kabla ya ngoma. Mwalimu. Eloísa akaipokea kwa video, akaiegemeza kwenye ngoma kubwa bila kutazama uso uliotokea.

"Sijakusamehe," akaiambia. "Na posa yangu haipokelewi kwa simu. Njoo uipokee hapa."

"Elo," Amadeo akanong'ona, "hana karatasi za kuishi kule. Akija huku, harudi tena."

"Najua."

Akapuliza makaa, akamfukiza Amadeo kifuani, kisha mgongoni, taratibu.

"Sasa nicheze vipi? Niburute mguu au niache?"

"Buruta," alisema Eloísa. "Anatazama."