Nauli ya Nussen

Kila Alhamisi jioni familia ya Leibish ilikaa kuizunguka simu. Nussen, kaka yake mwenye miaka kumi na saba, alipiga kutoka Yerusalemu, alikokuwa akisoma Torati katika yeshiva, chuo cha dini, na kila mtu nyumbani alipata zamu yake ya kuongea. Mama siku zote alimuuliza kama anakula. Alhamisi ile, wiki moja kabla ya sikukuu ya Purim, Baba alishika simu kwanza, akasema maneno machache, kisha akampa Mama bila kumtazama. Pasaka ya mwaka ule Nussen asingekuja. Tangu Baba apunguzwe kazini, kwenye karakana ya kung'arisha almasi, hata karo ilipatikana kwa taabu. Nauli ya ndege haikuwepo kabisa. Mama aliingia jikoni akafungulia bomba kwa nguvu ili asisikike akilia. Wote walimsikia.

"Na mtu asiyasikie haya nje," Baba alionya.

Lakini mtaa ule wa Wayahudi mjini Antwerp haukuwa na siri. Kesho yake, uwanjani shuleni, Berel alimwambia Leibish mbele ya wenzao, "Kaka yako mmemsahau Yerusalemu kama mwavuli kwenye tramu."

Leibish alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono mwepesi kuliko akili. Alimtandika Berel ngumi ya tumbo. Berel, mkubwa kwa umbo, alimshika sikio akalisokota, wakabiringishana mpaka kwenye dimbwi. Mwalimu aliwatenganisha kwa kuwavuta kola. Kila Purim shule iliwapa wavulana wachache mikebe ya kuchangishia fedha kwa ajili ya mayatima, nyumba kwa nyumba. Mkebe wa mtaa wao, uliokuwa uende kwa Leibish aliyeanza ugomvi, akapewa Berel.

Basi Leibish akajitengenezea wake. Alichukua kopo la kahawa, akatoboa mfuniko, akabandika karatasi aliyoiandika kwa herufi nzuri: MAYATIMA. Kuandika "nauli ya kaka yangu" kulimshinda. Watu wangejua kwamba Baba hana kitu, na aibu hiyo aliiogopa kuliko kipigo.

Asubuhi ya Purim, baada ya kitabu cha Esta kusomwa katika sinagogi na watu kukanyaga sakafu kwa vishindo kila lilipotajwa jina la Hamani, adui wa Wayahudi, barabara zilijaa watu waliojivika kuwa wafalme, askari na vichekesho vya kila namna. Vikapu vya keki vilipita kutoka nyumba hadi nyumba. Leibish alivaa shuka jeupe na taji la karatasi, akamtangulia Berel mlango kwa mlango. Alicheza, akaimba, akatikisa kopo. Kopo likawa zito.

Berel alifuata nyuma amevaa ngozi ya dubu, na kila alipobisha alijibiwa kwamba mayatima wameshapewa, mfalme amepita sasa hivi. Kwenye mlango wa tano hakungoja jibu liishe. Alitimua mbio.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Leibish iliishia kwenye ngazi za nyumba ya Mzee Anshel, mfanyabiashara wa almasi. Mlango ulikuwa wazi na wageni wamejaa ukumbini.

"Kopo hilo la nani?" Berel aliuliza, akihema.

"La mayatima."

"Yatima yupi? Mtaa huu yatima ni mimi."

Ilikuwa kweli. Tangu baba yake Berel afe, fedha za mkebe wa shule ndizo zilizolipia joto la nyumba yao wakati wa baridi. Leibish alilijua hilo, na kwa kuwa alilijua alishikwa na ghadhabu ya mtu aliyekamatwa. Aliinua kopo akampiga nalo Berel kwenye paji la uso. Ngozi ilipasuka. Berel hakulia. Alimrukia mzimamzima, akamwangusha kwenye ngazi, akampiga ngumi ya pua, kisha ya mdomo, kisha tena ya mdomo. Leibish alimng'ata mkono mpaka akasikia ladha ya chumvi.

Wageni walitoka wakipiga makofi. Walidhani ni maigizo. Mpiga kinanda akaongeza kasi, mtu akashangilia kwamba dubu amemweza mfalme, na mama mmoja akauliza rangi ile wameinunua wapi, maana inafanana kabisa na damu. Leibish alitaka kupiga kelele kwamba ni damu, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Hakuwahi kuogopa vile maishani mwake: kupigwa huku watu wanacheka.

Kitu kidogo cheupe kilidondoka mbele ya kiatu cha Mzee Anshel. Mzee aliinama akakiokota. Lilikuwa jino. Kinanda kikanyamaza.

Aliwashika wote wawili viwiko na kuwauliza kulikoni. Leibish alieleza yote, hata bomba la jikoni.

"Siku ya Purim anayenyoosha mkono hupewa," Mzee Anshel alisema. "Hatumuulizi jina wala shida yake. Wazee wetu walikuwekea siku hii wewe hasa. Ungeninyooshea mkono mtupu, ningekupa. Sasa mwaga vyote kwenye mkebe wa Berel, kisha urudi kila mlango uliopita, ukaseme kweli."

Leibish alisema heri apigwe tena.

"Kupigwa ni rahisi, mwanangu. Anzia hapa."

Leibish alimwaga fedha zote. Akanyoosha mkono uliochubuka. "Naomba nauli ya kaka yangu. Sisi hatuna."

Aliyesogea wa kwanza ni Berel. Alipapasa ndani ya ngozi ya dubu, akatoa yuro mbili zake mwenyewe. "Leo hatuulizi," alisema, akipangusa damu jichoni.

Walirudi pamoja nyumba zote. Mama mmoja alimgombeza Leibish, mwingine alimfungia mlango, lakini wengi walitoa. Jioni Baba aliposikia alipiga meza kwa ngumi hadi divai ikamwagika, kisha akachukua kitambaa akaipangusa mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuficha," alisema mwishowe.

Siku tatu kabla ya Pasaka Nussen alitoka uwanja wa ndege akiburuta sanduku. Mama hakumwachia. Alipopata nafasi, Nussen alimshika Leibish kidevu, akaliona pengo.

"Jino limekwenda wapi?"

"Hiyo ndiyo nauli yako," Leibish akajigamba.

Baba alitikisa kichwa. "Hapana, Leibish. Jino lilichukuliwa na uongo. Kaka yako ameletwa na ule mkono mtupu."